Daftari la makosa ya kingono Marekani: ni adhabu au ni taarifa tu?

Mtu aliyefungwa Marekani kwa wizi wa kutumia silaha akimaliza kifungo chake hurudi uraiani. Atahangaika kupata kazi, na katika majimbo mengine hata kura hatapiga, lakini kwa kawaida hakuna tovuti ya serikali itakayoweka picha yake, nyumba anayolala na gari analoendesha ili jirani yeyote ajionee. Aliyetiwa hatiani kwa kosa la kingono hukutana na hayo yote. Majimbo yote 50 yana tovuti za aina hiyo, na Wizara ya Sheria ina moja inayoziunganisha. Waliosajiliwa ni zaidi ya watu 750,000, ingawa si wote wanaoanikwa: New York, kwa mfano, huonyesha hadharani wale waliowekwa ngazi ya pili na ya tatu ya hatari tu.

Mjadala wa madaftari haya huharibika mapema kwa sababu kila upande huanza na mtu wake. Mmoja humtaja mtoto aliyeuawa. Mwingine humtaja kijana wa miaka 18 aliyelala na mpenzi wake wa miaka 15 na sasa hapati nyumba ya kupanga. Wote wawili wapo kweli, na kanuni inayowahusu ni ileile. Ndiyo maana naona ni heri kuanza na swali ambalo mawakili wamelipigania kwa zaidi ya miaka 20: kumweka mtu daftarini ni kumwadhibu, au ni kutoa taarifa tu? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kingine.

Lilikotoka

Daftari la kwanza la jimbo zima lilianzishwa California mwaka 1947. Lilikuwa la polisi. Mpelelezi aliyepokea taarifa ya kosa alilifungua kuona nani anaishi karibu, basi. Wananchi hawakulisoma, na kwa miongo kadhaa majimbo mengi hayakuona haja ya kuwa na la kwao.

Usiku wa tarehe 22 Oktoba 1989, katika mji mdogo wa St. Joseph, Minnesota, Jacob Wetterling, mtoto wa miaka 11, alikuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli na mdogo wake pamoja na rafiki yao. Mwanamume aliyevaa kinyago na kushika bunduki aliwasimamisha, akamchukua Jacob. Mama yake, Patty Wetterling, alipata kujua baadaye kwamba polisi wa jimbo hawakuwa na orodha kamili ya watu wa kuanza kuwahoji. Alipambana hadi sheria ya shirikisho ikapita mwaka 1994 kwa jina la mwanawe, ikiyataka majimbo yote yawe na daftari. Lengo kuu bado lilikuwa kumsaidia mpelelezi.

Mwaka huohuo, mwezi Julai, Megan Kanka wa miaka saba aliuawa Hamilton, New Jersey, na mwanamume aliyeishi ng'ambo ya barabara na aliyekuwa na hukumu za zamani za kuwashambulia watoto. Wazazi wake walisema wangejua, wasingemwachia binti yao acheze peke yake nje. Hakuna mzazi asiyeielewa hoja hiyo. New Jersey ilitunga sheria ndani ya miezi michache, na Mei 1996 Rais Bill Clinton akasaini sheria ya Megan ya nchi nzima: sasa majirani walipaswa kupewa taarifa. Hapo ndipo daftari la polisi lilipogeuka kuwa ubao wa matangazo, na baadaye intaneti ikauweka ubao huo mkononi mwa kila mtu.

Hatua ya tatu ilikuja Julai 2006, Rais George W. Bush aliposaini Sheria ya Adam Walsh, iliyopewa jina la mtoto wa miaka sita aliyetekwa dukani huko Hollywood, Florida, mwaka 1981. Sehemu yake ya kwanza, inayofahamika kwa kifupi kama SORNA, iliweka ngazi tatu: miaka 15, miaka 25 na maisha. Iliwaingiza pia watoto wa kuanzia miaka 14 kwa makosa mazito zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba ngazi hupangwa kwa jina la kosa lililomo kwenye hukumu. Haipimi kama mtu huyu, leo, ana uwezekano mkubwa au mdogo wa kurudia. Aliyefanya kosa akiwa na miaka 19 na aliyelifanya akiwa na miaka 50 wanaweza kukaa ngazi moja hadi kufa.

Jimbo lisilotekeleza SORNA hupoteza asilimia 10 ya ruzuku fulani ya shirikisho ya mambo ya haki jinai. Hata hivyo majimbo yaliyofikia kiwango kinachotakiwa hayajafika nusu. Baadhi yalipiga hesabu yakaona kuitekeleza kungegharimu kuliko ruzuku yenyewe. Matokeo yake ni kwamba hakuna daftari moja la Marekani; kuna madaftari mengi yanayofanana kwa jina na kutofautiana kwa masharti, na mtu akihama jimbo anaweza kujikuta amepanda ngazi bila kutenda kosa lolote jipya.

Sheria zote hizi zina majina ya watoto, na hilo si jambo dogo kisiasa. Mbunge anayetaka kuhoji kifungu cha 14 analazimika kupiga kura dhidi ya jina la marehemu mbele ya wazazi wake. Wachache wana moyo huo, na siwalaumu sana. Lakini ndivyo ilivyopatikana hali ambapo vikao vya bunge huongeza masharti na ni vichache mno vinavyopunguza.

Maisha ya aliyesajiliwa

Kwa vigezo vya SORNA, mtu wa ngazi ya tatu hufika mwenyewe kwa maofisa kila baada ya miezi mitatu, wa ngazi ya pili kila miezi sita, wa kwanza mara moja kwa mwaka. Hutoa anwani ya nyumbani, ya kazini, ya chuo kama anasoma, namba za gari, na majina anayotumia mtandaoni. Akibadili nyumba au kazi ana siku tatu za kazi kutoa taarifa. Akitaka kusafiri nje ya nchi, atoe notisi siku 21 kabla. Akikosa kwa makusudi na mazingira yakaangukia sheria ya shirikisho, kama vile alipovuka mpaka wa jimbo, anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 10. Mtu aliyelala kwa shemeji yake kwa sababu amefukuzwa alikopanga, asiandikishe anwani hiyo, anaweza kujikuta kizuizini kwa kosa ambalo halina mwathirika yeyote.

Chini ya sheria iliyosainiwa na Rais Barack Obama mwaka 2016, pasipoti ya aliyehukumiwa kwa kosa dhidi ya mtoto na ambaye bado yumo daftarini huchapishwa maneno yanayolitaja kosa hilo. Nchi nyingi humrudisha alikotoka palepale kwenye uwanja wa ndege alipoteremkia.

Hayo ni ya shirikisho. Yanayouma zaidi kila siku ni ya majimbo, kaunti na miji, hasa vikwazo vya makazi. Iowa ilipiga marufuku mwaka 2002 kwa aliyemkosea mtoto kuishi ndani ya futi 2,000, kama mita 610, kutoka shule au kituo cha kulelea watoto. California ilipitisha umbali huohuo kwa kura ya wananchi mwaka 2006. Kwenye karatasi hiyo ni namba tu. Ichore kwenye ramani ndipo utaiona. Kila shule inakuwa kitovu cha duara lenye upana wa zaidi ya kilomita moja. Ongeza vituo vya chekechea, vingine vikiwa ndani ya nyumba za watu. Ongeza viwanja vya michezo, na pale sheria inapovitaja, vituo vya basi la shule. Katikati ya mji maduara hupandana hadi hapabaki nafasi, na panapobaki ni eneo la viwanda, kando ya reli au barabara kuu.

Miami ndiko mambo haya yalipoonekana kwa macho. Sheria ya jimbo la Florida ilisema futi 1,000, kaunti ya Miami-Dade ikapandisha hadi 2,500. Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu waliotoka gerezani walianza kulala chini ya daraja la Julia Tuttle, njia inayovuka ghuba kwenda Miami Beach. Hawakukimbilia huko kujificha. Maofisa waliokuwa wakiwasimamia walijua wako pale na walikwenda usiku kuhakikisha wamo, na baadhi yao walikuwa na vitambulisho vya serikali vilivyotaja daraja hilo kama anwani. Walifikia makumi ya watu, wakalala kwenye mahema na vibanda juu ya zege, wakichaji vifaa vyao vya ufuatiliaji kwa jenereta. Kambi ilivunjwa mwaka 2010. Haikupita miaka mingi, nyingine ikaota karibu na Hialeah, kati ya maghala na reli.

Aliyepigania sana sheria hizo za Miami ni Ron Book, mshawishi wa kisiasa mwenye nguvu Florida, ambaye binti yake alinyanyaswa kwa miaka na yaya wao wa nyumbani. Uchungu wa baba huyo hauna wa kuupinga. Lakini yaya hakuwa mtu wa kupimiwa futi 2,500. Alikuwa na ufunguo wa nyumba. Na kama vile hiyo haitoshi, Book huyohuyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chombo cha kaunti kinachoshughulikia wasio na makazi, kwa hiyo tatizo la darajani likamwangukia yeye.

Kikulacho ki nguoni mwako

Takwimu za Wizara ya Sheria ya Marekani zilizotolewa mwaka 2000 zilionyesha kwamba katika makosa ya kingono dhidi ya watoto yaliyoripotiwa polisi, asilimia 34 hivi ya watendaji walikuwa ndugu wa familia na asilimia 59 walikuwa watu mtoto anaowafahamu. Wageni kabisa walikuwa asilimia 7. Ramani ya maduara imetengenezwa kwa ajili ya hao saba.

Minnesota, kwao Jacob, ilitaka kujua kama vikwazo vya makazi vingesaidia. Idara yake ya magereza mwaka 2007 ilipitia kesi 224 za watu walioachiliwa kisha wakarudia kosa la kingono, ikatazama kila mmoja alimpataje mwathirika: wapi, umbali gani, kwa njia ipi. Haikupata hata kesi moja ambayo umbali wa nyumba na shule ungeizuia. Wengi waliwafikia watoto kupitia mtu mzima waliyejuana naye, mara nyingi mama wa mtoto waliyekuwa na uhusiano naye. Iowa nako, chama cha waendesha mashtaka, watu ambao kazi yao ni kuwafunga wahalifu, kilitoa tamko mwaka 2006 kikiomba sheria ya futi 2,000 ibadilishwe, kwa sababu watu walikuwa wakiacha kuandikisha anwani na kupotea. Jimbo liliilegeza mwaka 2009.

Je, wanarudia kwa kiwango gani? Ofisi ya takwimu za haki ya Wizara hiyo ilifuatilia wanaume 9,691 walioachiliwa mwaka 1994 katika majimbo 15, asilimia 5.3 walikamatwa tena kwa kosa la kingono ndani ya miaka mitatu. Utafiti uliofuata, wa walioachiliwa mwaka 2005, ulitoa asilimia 7.7 ndani ya miaka tisa kwa ubakaji au shambulio la kingono. Hizi ni namba za kukamatwa, na kila anayefanya kazi na waathirika atakukumbusha, kwa haki kabisa, kwamba makosa mengi ya aina hii hayafiki polisi. Kiwango halisi ni kikubwa kuliko hicho. Hakuna aliyeonyesha, hata hivyo, kwamba kinakaribia kile ambacho Mahakama ya Juu ya nchi ilikiamini ilipokuwa ikiamua.

Na hapa pana kisa kinachostahili kusimuliwa taratibu. Mwaka 2002, katika kesi ya McKune dhidi ya Lile, Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba kiwango cha kurudia kwa wasiotibiwa kinakadiriwa kufikia asilimia 80, na kwamba hatari hiyo ni ya kutisha na iko juu. Mwaka uliofuata maneno hayo ya kutisha yakarudiwa katika kesi kubwa zaidi, na tangu hapo mahakama za chini zimeyanukuu mara nyingi mno. Yalitoka wapi? Mwaka 2015 mwanazuoni wa sheria Ira Ellman na Tara Ellman walifuata nyayo. Mahakama ilitegemea mwongozo wa serikali wa mwaka 1988 kwa watoa tiba magerezani. Mwongozo ulitegemea makala ya mwaka 1986 katika jarida la saikolojia linalouzwa kwa wasomaji wa kawaida. Makala iliandikwa na mshauri aliyekuwa akiendesha programu ya tiba gerezani Oregon, na sentensi ya asilimia 80 ilikuwa humo peke yake, bila utafiti wala rejea, ndani ya maelezo yaliyosifu programu za aina hiyo. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Kila mmoja alimwamini aliyemtangulia.

Swali la adhabu

Katiba ya Marekani inakataza kumwongezea mtu adhabu kwa sheria iliyotungwa baada ya kosa lake. Wanaume wawili wa Alaska waliokwisha kutumikia vifungo vyao kabla ya sheria ya daftari walidai kwamba kuwasajili ni kuwaadhibu upya. Mwaka 2003, katika Smith dhidi ya Doe, Mahakama ya Juu iliwakatalia kwa kura sita kwa tatu. Kennedy aliandika kwamba daftari ni utaratibu wa kiraia wa kulinda umma. Taarifa za hukumu tayari ziko wazi mahakamani, na aibu inayompata mtu ni matokeo ya ukweli kujulikana. Siku hiyohiyo, katika kesi kutoka Connecticut, mahakama ilisema pia kwamba jimbo halidaiwi kumpa mtu nafasi ya kuthibitisha kuwa si hatari kabla ya kumweka daftarini, kwa kuwa sheria inahesabu hukumu tu.

Ukishasema si adhabu, milango inafunguka. Unaweza kumsajili mtu kwa kosa la miaka 30 iliyopita. Unaweza kuongeza sharti kila mwaka. Huhitaji jaji kupima uwiano wa kosa na mzigo. Sheria ni msumeno, Waswahili husema, lakini huu ulipewa ruhusa ya kukata kwenda nyuma bila kikomo.

Lakini daftari la Alaska lililopimwa mwaka 2003 lilikuwa jepesi. Halikuwa na maduara ya makazi, na Kennedy mwenyewe alitaja kwamba waliosajiliwa walikuwa huru kuhama na kufanya kazi watakako. Mawakili walipolielewa hilo walibadili mbinu: hawakuishambulia tena hukumu ya Smith, walisema daftari la leo si lile. Michigan ndiyo iliyowapa ushindi mkubwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Sita, ya shirikisho, ilisema sheria ya jimbo hilo, yenye maeneo ya futi 1,000 kuzunguka shule ambamo aliyesajiliwa haruhusiwi kuishi, kufanya kazi wala kuzurura, na inayowapanga watu kwa ngazi bila kuwapima, ni adhabu na haiwezi kurudi nyuma. Jimbo lilikwenda Mahakama ya Juu ya nchi, ambayo ilikataa kulisikiliza. Bado maeneo hayo hayakufutwa hadi sheria mpya ya Michigan ilipoanza kutumika mwaka 2021, na sheria hiyo nayo ikarudishwa mahakamani.

Mahakama za majimbo nazo zimetumia katiba zao. Alaska yenyewe, mwaka 2008, ilisema kwa katiba ya jimbo daftari lake ni adhabu, yaani iliwapa watu wake kile Mahakama ya Juu ya nchi iliwanyima miaka mitano kabla. California mwaka 2015 ilisimamisha umbali wa futi 2,000 kwa walio chini ya parole, yaani waliotoka gerezani lakini bado wanasimamiwa, katika kaunti ya San Diego, ikisema uliwafanya wengi kukosa makazi na kuwa vigumu kusimamiwa. Pennsylvania ilikwenda mbele ikarudi: mwaka 2017 mahakama yake kuu ilikataa sheria kurudi nyuma, mwaka 2024 ikaikubali sheria iliyorekebishwa kwamba si adhabu. Asikudanganye mtu kwamba mkondo ni mmoja.

Njia nyingine iliyozaa matunda ni uhuru wa maoni. Mkazi wa North Carolina alihukumiwa kwa sababu ya kuandika Facebook akimshukuru Mungu kesi yake ya trafiki ilipofutwa. Sheria ya jimbo ilimkataza aliyesajiliwa kuingia mitandao inayotumiwa na watoto. Mwaka 2017, katika Packingham dhidi ya North Carolina, majaji wote waliosikiliza walikubali kwamba marufuku hiyo ilipita kiasi. Mwaka 2019 jaji wa shirikisho Alabama alikataa leseni za udereva zilizochapwa maneno ya kumtangaza mwenye nazo kuwa mhalifu wa ngono. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Kumi na Moja iliwaunga mkono watu wa kaunti ya Butts, Georgia, ambao sherifu alikuwa amesimika mabango kwenye nyua zao wakati wa Halloween, sikukuu ambayo watoto hupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, kuonya watoto wasibishe hodi. Serikali, ilisema, haiwezi kumlazimisha mtu kubeba ujumbe wake kwenye uwanja wa nyumba yake.

Nani anatetea, na anadai nini

Huu si utetezi unaopendeza kutangaza kwenye mlo wa sikukuu. Mashirika makubwa ya haki yameingia kwa tahadhari: matawi ya ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, hasa la Michigan, yamebeba kesi, na Human Rights Watch ilitoa ripoti mbili nzito. Ya mwaka 2007 ilieleza jinsi wigo ulivyotanuka hadi katika majimbo kadhaa hata kukojoa hadharani kuweza kumfikisha mtu daftarini. Ya mwaka 2013 ilihusu waliosajiliwa wakiwa watoto, na ni usomaji mgumu: wapo waliotishwa, waliofukuzwa shule, waliojaribu kujiua.

Kazi ya kila siku inafanywa na vyama vya wenyewe: NARSOL cha nchi nzima, ACSOL cha California kinachoongozwa na wakili Janice Bellucci, ambaye ameishtaki miji mingi ya jimbo hilo hadi ikafuta kanuni zake, na Women Against Registry, kilichoanzishwa na mama na wake wa waliosajiliwa. Hawa wa mwisho wana hoja isiyosikika sana: anwani inayobandikwa mtandaoni ni ya familia. Mtoto wa aliyesajiliwa naye anakaa humo, na wanafunzi wenzake wanajua kutumia simu. Hatari si ya kufikirika. Aprili 2006 kijana mmoja alichukua anwani kwenye tovuti ya Maine, akaenda majumbani na kuwaua kwa risasi watu wawili. Mmoja wao alikuwa na miaka 24. Kosa lake lilikuwa kulala na rafiki yake wa kike aliyekuwa karibu kutimiza 16.

Ndani ya vyama hivi hakuna kauli moja. Wapo wanaotaka daftari lifutwe kabisa. Wapo wanaotaka lirudishwe kwa polisi pekee, kama California ya 1947. Wengine wangeridhika kama lingepima hatari ya mtu na kumpa mlango wa kutokea. Msimamo wa katikati umepata mshirika asiyetarajiwa: Taasisi ya Sheria ya Marekani, klabu ya majaji na maprofesa isiyojulikana kwa msimamo mkali, katika rasimu yake mpya ya sheria ya mfano imependekeza daftari lenye makosa machache, lisiloonekana na umma. Wanasheria wakuu wa majimbo mengi walilipinga vikali pendekezo hilo.

Wapinzani wao si watu wa kubezwa. Mzazi anayesema nina haki ya kujua nani anaishi mlango wa pili hatoi hoja ya takwimu, na huwezi kumjibu kwa takwimu. Utafiti wa wachumi J.J. Prescott na Jonah Rockoff wa mwaka 2011 ndio ulionisaidia mimi kupanga mawazo, kwa sababu ulitenganisha vitu viwili ambavyo sheria imevifunga pamoja. Daftari linapokuwa mikononi mwa polisi, makosa dhidi ya watu walio karibu na aliyesajiliwa yalionekana kupungua. Mtu anayejua anafahamika hujizuia. Taarifa zikitangazwa kwa umma, faida hiyo haikuongezeka kwa waliomo, na dalili zilikuwa kwamba wao hurudia zaidi. Mtu aliyepoteza kazi, nyumba na jina hana kikubwa cha kumzuia.

Uingereza ilichagua njia hiyo ya kwanza tangu 1997. Daftari lake ni la polisi, na mzazi mwenye wasiwasi na mtu fulani anayemkaribia mtoto wake anaweza kuuliza na kuambiwa kwa siri. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya huko ilisema pia kwamba usajili wa maisha usio na nafasi yoyote ya kupitiwa upya unavunja haki ya faragha.

Na Patty Wetterling? Mabaki ya Jacob yalipatikana Septemba 2016, baada ya muuaji kukiri na kuwaonyesha wapelelezi. Alikuwa amehojiwa tangu mwanzo, lakini hakuwa na hukumu ya kosa la kingono, kwa hiyo hata kama daftari lingekuwepo mwaka 1989 jina lake lisingekuwemo. Muda mrefu kabla ya hapo mama huyo alikwisha anza kusema hadharani kwamba sheria yenye jina la mwanawe imenyooshwa kupita alichoomba, hasa kwa watoto. Mama wa Megan, Maureen Kanka, hakubadili msimamo: majirani lazima wajue. Kati ya wawili hao sioni wa kumwita mpumbavu.

Mabadiliko yanayotokea ni ya vipande vipande. California, ambayo kwa miaka mingi ilimsajili kila mtu maisha, ilipitisha mwaka 2017 mfumo wa ngazi za miaka 10, 20 na maisha, ulioanza kufanya kazi Januari 2021. Anayetimiza muda wake huwasilisha ombi mahakamani, mwendesha mashtaka anaweza kulipinga, jaji anaamua. Akishinda, jina linatoka California. Kama aliwahi kukaa Florida siku chache akajiandikisha kama sheria ya huko inavyodai, jina lake na picha yake vitabaki kwenye tovuti ya Florida, na ombi la California halivigusi.